Ukuta wa simu ni imara, lakini lango li mkononi mwa mkopaji

WAFANYABIASHARA wengi wa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, hulipwa fedha za nazi na makuti kwa simu, na mambo yakiwazidi hukopa kwa simu iyo hiyo.

Swali ni hili: programu ya mikopo hupata vipi nambari za shemeji na majirani wa mkopaji, ilhali watengenezaji hudai kuwa kila programu imefungiwa mahali pake?

Dai hilo ni kweli. Katika Android, kila programu hupewa nambari yake ya utambulisho, na faili zake hazisomwi na nyingine. Juu ya hayo ipo SELinux, kinga iliyobuniwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikaingizwa katika Android mnamo 2013 na kutekelezwa kikamilifu kuanzia toleo la 5.0, mwaka 2014.

Kinga hiyo hugawa programu katika maeneo ya usalama kwa kutazama sahihi ya kidijitali. Iliyotiwa sahihi ya mfumo wenyewe hupewa mamlaka makubwa. Iliyopakuliwa na mtumiaji huwekwa miongoni mwa zisizoaminiwa, hata iwe ya benki maarufu. Hakuna inayojichagulia eneo.

Hata hivyo, orodha ya majina haihitaji kuibwa. Mfumo wenyewe huikabidhi pindi mwenye simu anapobonyeza "Ruhusu". Mzazi anayetafuta karo usiku hana nafasi ya kulipima ombi hilo, na jamaa waliomo katika orodha hawakuulizwa.

Ndiposa sheria ikalazimika kukamilisha kazi ya mashine. Kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwakataza wakopeshaji kutumia orodha hiyo kuwatumia watu ujumbe mkopo unapochelewa. Kuanzia Mei 31, 2023, Google ilizizuia programu za mikopo kufikia majina na picha. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000.

Lakini marufuku ya Google hayamfikii anayepakua programu nje ya duka lake. Ruhusa yaweza kufutwa katika mipangilio ya simu, ila majina yaliyokwisha kunakiliwa hayarudi kwa kubonyeza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mwananchi haki ya kudai yafutwe. Haki hiyo yafaa ielezwe katika mabaraza ya machifu, kabla ya mkopo, si baada ya aibu.