KONA YA FAMILIA: Gari la gemu nalo lahitaji fundi

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi kadhaa hapa Gumbo wametuuliza, kila mmoja kwa namna yake: pesa ya kibanda cha gemu inaishaje upesi hivi, na mtoto anafanya nini huko mwezi mzima na barabara ile ile moja?

Jibu fupi: anagonga. Anaanza upya, anagonga tena. Kibandani mtu analipia muda, halipii ushindi, kwa hiyo kila akigonga anayefaidi ni mwenye jenereta. Hilo hatuwafichi, na kama pesa yenyewe ni ya unga, basi siku hiyo hakuna gemu, mjadala umekwisha. Lakini kwa siku ambayo mmemruhusu, hebu tuone kwa nini anagonga.

Mara nyingi kosa si la vidole. Gemu nyingi za magari ya mashindano zina ukurasa wa kurekebisha gari kabla ya kuanza: tairi, springi, urefu wa gari kutoka chini, gia, breki. Watoto wengi wanauruka. Wanachagua gari kwa rangi, haya twende! Sasa gari lililowekwa kwa ajili ya lami laini linapelekwa kwenye vumbi na mashimo. Ninyi wenyewe mnajua. Lori linalotoka Nimule na mzigo linakuja vizuri juu ya lami iliyokamilika mwaka 2012, kilomita 192 mpaka Juba, lakini liingize kwenye vichochoro vyetu mvua ikinyesha uone! Gari ni lile lile, njia ndiyo imebadilika.

Mfano mzuri ni Kenya. Mliopita Kakuma bila shaka mmesikia habari za Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva Colin McRae wa Scotland aliishinda mwaka 1997, 1999 na 2002, na gemu yenye jina lake, Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000, inayo barabara za Kenya ndani yake. Baada ya 2002 Safari ilitoka kwenye mashindano ya dunia, ikarudi 2021, na gemu mpya za rally nazo zikairudisha. Zamani magari ya Safari yalikuwa yanainuliwa juu, yanaongezwa vyuma vya kuimarisha, na mengine yanafungwa bomba refu pembeni ya kioo ili injini ivute hewa bila kunywa maji mtoni. Yaani mafundi walitengeneza gari kwa kuangalia njia kwanza.

Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Tumbo la gari likigusa chini, liinue. Gari likirukaruka kwenye mashimo mpaka tairi zinaachia ardhi, springi ni ngumu mno, zilegeze kidogo. Lakini usilegeze mpaka mwisho, maana kwenye kona litalala kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Tairi ziwe za vumbi, hilo hata halina ubishi. Breki zinataka akili zaidi: ukiziweka nguvu nyingi mbele, gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja hata usukani umekata, ukizipeleka nyuma zaidi, mkia unatoka nje na mwenye haraka anajikuta anatazama alikotoka. Gia msikilize injini. Ikipiga kelele imefika mwisho na njia iliyonyooka bado ndefu, gia ni fupi. Kama gia ya mwisho hamwigusi kabisa, ni ndefu mno.

Sasa hapa ndipo pesa inapookolewa. Badilisha kitu kimoja tu, kisha zunguka mara moja bila kugonga, ukiendesha taratibu, uandike muda. Umebadilisha springi na muda umeshuka kutoka dakika 3 na sekunde 42 hadi 3 na 38? Acha hapo hapo, nenda kwenye breki. Muda umepanda? Rudisha ulivyokuta. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hawezi kujua kipi kimemsaidia na kipi kimemwangusha, na atalipia saa nzima kutafuta. Daftari na kalamu ni rahisi kuliko hiyo saa.

Tena asifikirie kasi peke yake. Juni 2021, Safari iliporudi, Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho. Kisha springi na shokapu za nyuma zikashindwa, akatoka, ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota. Ni dereva wa kiwango hicho, jamani, na mafundi kibao nyuma yake. Kwa hiyo mtoto akiwaambia kwamba ameongeza urefu wa gari na kupoteza sekunde mbili lakini amemaliza mbio zote, msimcheke, anajua anachofanya.

Wapo vijana wanaoficha daftari zao ili wenzao wasinakili. Sisi tunaona ni ujanja wa hasara. Vijana wanne wakigawana kazi, huyu springi, yule gia, wanatumia robo ya pesa. Na mabinti wasiachwe nyuma ya mlango. Anayeandika muda na kusoma tofauti anashika gari kuliko anayebonyeza vitufe kwa kelele.

Baba au mama usiyejua gemu, usione aibu kuuliza. Jioni akirudi mwambie, "Mwanangu, leo umebadilisha nini, na muda ulikuwa ngapi?" Akijibu kwa namba, mkae msikilize. Akijibu "sijui, niligonga tu", basi kesho abaki nyumbani achote maji.

Waliouliza kuhusu breki za bodaboda, tumewasikia. Zinakuja mwezi ujao.