Pea moja ya daluga Lushoto? Njumu fupi za duara zinatosha

KIJANA wa Lushoto anayecheza ligi ya wilaya hana kabati la viatu. Ana pea moja ya daluga, na hiyo hiyo itampeleka Soni, Mlalo hadi Mtae, masika na kiangazi. Akikosea kuchagua, anayelipa ni goti.

Wengi wanakimbilia njumu ndefu za chuma, eti Usambara ni matope. Kweli, zina heshima yake. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 mjini Bern, Ujerumani Magharibi iliichapa Hungary 3-2 kwenye mvua, ikiwa na njumu za kufungua na kufunga. Lakini wale walikuwa na fundi wao, Adi Dassler, wa kuwabadilishia. Huku mvua ikikata, udongo mwekundu unakauka kama tofali. Chuma hakizami, mchezaji anateleza kama yuko kwenye vigae, nyayo zinawaka moto.

Njumu bapa nazo zinang'ata ardhi vizuri, ila akigeuka ghafla mguu unabaki, goti linakwenda.

Jibu ni njumu fupi za duara, za plastiki, zilizoshikana na soli. Kwenye tope zitateleza kidogo, sawa. Atakwangua tope mapumziko na kupunguza mbwembwe. Kwenye ukavu zitamlinda. Hata akiitwa majaribio kwenye nyasi bandia kama za Nyamagana, Mwanza, hataaibika.

Na jina la kampuni? Mtumba ukimkaa vizuri mguuni, anunue. Nembo haijawahi kufunga bao.