Makande Yangu Yamegeuzwa Githeri
Jamani, tunaohariri hadithi kwenye programu za waandaa programu za kukaguliana msimbo tunaumia. Nyingi zinategemea Git, ya Linus Torvalds, 2005, ambayo kwa kawaida hulinganisha mstari kwa mstari. Aya nzima ya hadithi kwake ni mstari mmoja! Gusa koma tu, yote inawaka nyekundu na kijani. Ndivyo makande ya bibi kule Same yalivyogeuzwa githeri, nami nikaidhinisha. Bibi wa Kipare, githeri!

Msituletee emoji mpya. Git yenyewe inaweza kulinganisha neno kwa neno. Programu yetu haina hata kitufe. Kiwekeni. Na maoni ya mhariri yasifichwe kila aya inaporekebishwa: humo ndimo tunamogombania maneno.