Kadi ya Soo Mbili, Nyumba ya Ngiri

Wasee, leo naongea kitu ambacho kitaniletea maadui kwenye hii hobi yetu ya kadi. Wengi wetu tunanunua plastiki ya kuonyesha watu, si plastiki ya kulinda kadi.

Unaijua ile video. Msee anafungua pakiti ya Pokémon, anapata Charizard inayong'aa, na kabla hata apumue ameshaitia kwa kile kisanduku kizito cha sumaku. Tap! Kimefunga. Kwa kamera inakaa fiti, sikatai. Lakini angalia hapo nyuma mezani. Kadi zingine zote za hiyo pakiti, pamoja na za pakiti kumi za kabla yake, zimefungwa na raba bendi ama zimerundikwa kwa mkebe wa biskuti zikisuguana. Kadi moja inaishi Karen, ndugu zake wanalala nje.

Msimamo wangu ni huu: kila kadi ipate slivu kwanza. Hayo mengine yafuate kazi ya kadi na mahali unapoishi, si vile itaonekana kwa posti.

Tuelewane maneno, juu kuna wageni hapa. Slivu ni kile kifuko chembamba, laini, kinachoonyesha, kinauzwa mia kwa pakiti. Toploda ni plastiki ngumu iliyozibwa pande tatu na kuachwa wazi juu. Albamu ni ile ya kurasa zenye mifuko, mara nyingi tisa kwa ukurasa. Kisanduku cha sumaku ni hicho cha video.

Sasa, kwa nini slivu? Kwa sababu adui wa kwanza wa kadi si mafuriko wala mwizi. Ni vidole vyako na msuguano. Jasho na mafuta ya mkono yanabaki kwenye uso wa kadi. Kadi mbili zikisuguana, ule mng'ao unapata mikwaruzo na kingo zinaanza kuwa nyeupe. Slivu inamaliza hayo yote kwa bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote kwenye hii orodha. Na usiitie kadi kwa toploda bila slivu. Chembe moja ya vumbi ikiwa ndani, kadi ikiteleza, hiyo ni msasa.

Toploda na kisanduku cha sumaku pia vina saizi, na hapa watu wengi hukosea. Unene wa kadi unapimwa kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya elfu ya inchi. Kadi ya kawaida inaingia kwa kifaa cha pointi 35. Zile nene zenye kipande cha jezi ndani zinaweza kuhitaji 130. Ukiweka kadi nyembamba kwa kisanduku kinene, inacheza huko ndani na kona zinagonga. Ukilazimisha kadi nene kwa chembamba, unaikandamiza. Upana nao uangalie: kadi ya Pokémon ni milimita 63 kwa 88, ya Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86. Usinunue slivu kwa kuangalia picha ya pakiti, soma namba.

Halafu kuna plastiki yenyewe. Chuo niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nasomea kemia, lakini hii haihitaji digrii. Nenda kwa shosho umwombe ile albamu ya picha ya zamani. Jaribu kutoa picha moja. Imeng'ang'ania plastiki, sindio? Plastiki laini ya aina ya PVC huongezewa kemikali za kuilainisha, na miaka ikienda, hasa kukiwa na joto, hizo kemikali hutoka na kupanda kwenye kile kilicho ndani. Plastiki inanata, wino unahama. Kwa hivyo zile kava laini za kitambulisho unazouziwa stejini si nyumba ya kadi, hata kama saizi inakaribia.

Tafuta slivu iliyoandikwa ni ya polipropilini, haina PVC, haina asidi. Pakiti ikiwa na ile alama ya pembetatu, 5 ni polipropilini na 3 ni PVC. Kama hakuna maandishi, tumia pua. Ikinuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki, rudisha. Na ndiyo, toploda nyingi ni PVC pia, lakini ni ile ngumu, isiyotegemea hizo kemikali za kulainisha. Bado, slivu ndiyo inakaa katikati ya kadi na toploda.

Kuna kitu kingine lazima nikiseme kwa nguvu: laminesheni. Sisi Wakenya tunapenda kupiga kila kitu laminesheni. Cheti cha KCSE, barua ya chifu, ratiba ya mtoto. Kuna kijana aliniandikia akaniambia kwa furaha kwamba kadi zake zote tano nzuri amezipeleka saiba "zisiharibike." Nilikaa na hiyo meseji kwa muda sijui nijibu nini. Laminesheni inayeyusha gundi kwa joto na kushika karatasi milele. Hutoi tena. Mkusanyaji akiiona, hiyo kwake ni kadi iliyoharibika, haijalishi inang'aa aje. Alikuwa na nia nzuri kabisa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia, na sisi wenye kelele mtandaoni tulikuwa bize kuonyesha sumaku.

Twende kwa hali ya hewa, juu ushauri mwingi tunaosikia umetengenezwa kwa mtu wa nchi zingine mwenye chumba kikavu. Kadi inayong'aa ni karatasi iliyobandikwa utando wa kung'aa. Karatasi inakunywa unyevu na kutanuka, utando hautanuki, basi kadi inajikunja. Msee wa Mombasa ama Kilifi analijua hili vizuri kuliko mimi. Kisanduku cha sumaku hakizuii unyevu kikamilifu, na kama kadi iliingia na unyevu, umeufungia ndani. Ukiwa Pwani, pesa yako ifanye kazi kwa boksi la plastiki lenye kifuniko kinachoziba vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwa boksi la viatu. Visiguse kadi, na uvibadilishe, maana vikishiba havifanyi kazi tena.

Kama nyumba yako ni ya mabati, weka boksi chini mbali na paa, si juu ya kabati ambapo saa nane mchana ni oveni. Usipange kadi dirishani. Visanduku vingine vimetengenezwa kupunguza miale ya jua, lakini kupunguza si kuzuia. Na mende wanakula karatasi. Plastiki ya bei haiwatishi kama mfuniko ulioziba.

Sasa chagua kulingana na kazi. Kadi za kucheza: slivu mbili, ya ndani ikibana na mdomo wake ukiangalia chini, ya nje ikiangalia juu. Kadi za kuangalia na kubadilishana: albamu ya mifuko inayoingilia pembeni, na kila kadi ndani ya slivu yake. Epuka faili la ofisi lenye pete za duara, kurasa zikibanwa pale pete zinaacha alama kwenye kadi za karibu. Kadi ya kuuza ama kutuma kwa gari: slivu, toploda, kisha tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi pale juu isichomoke. Si selotepu, ile inaacha gundi mpaka kwa roho.

Na kama unataka kupeleka kadi ipewe gredi na PSA kule Marekani, hata huko hawakuulizi sumaku. Wanataka kadi ije kwa kava ya plastiki nusu ngumu, ile inayojipinda kidogo, juu ni rahisi kutoa kadi bila kuiumiza. Piga hesabu kwanza ya usafirishaji na ada, ndio ujue kama kadi yenyewe inafika hiyo bei.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini kadi za pesa kubwa zote ziko kwa visanduku vizuri." Kweli, leo. Ile kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Lakini thamani yake haikutoka kwa kisanduku. Ilitoka kwa shehena ya kadi zilizopatikana 1985 zikiwa karibu hazijaguswa. Zingine za rika lake zilichezewa na watoto, zikakunjika, na nakala iliyochoka inauzwa kwa sehemu ndogo sana ya hiyo pesa. Plastiki haiongezi gredi hata kidogo. Inaishikilia tu pale ulipoikuta.

Ndio maana pia nasema, ukinunua kadi kwa msee, mwombe aitoe kwa toploda uiangalie kwa mwanga ikiwa kwa slivu tu. Toploda iliyokwaruzwa inaficha mikwaruzo ya kadi vizuri sana. Anayekataa bila sababu amekujibu tayari.

Wengi wetu hatuna payslip. Kwa wengine wetu hizi kadi ndizo akiba, ndizo kitu pekee tulichonunua na kinaweza kupanda bei. Tuseme una ngiri moja. Unaweza kuimaliza kwa nyumba ya kadi moja ya soo mbili, ama uifunike mia kadhaa za kadi zako kwa slivu, ubaki na ya boksi. Na kumbuka hujui ni kadi gani itatafutwa miaka kumi ijayo. Inaweza kuwa ile iko kwa mkebe wa biskuti.

Toa hiyo raba bendi leo.