Sumu ya samaki wa baharini haiondolewi na moto wa jiko

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Kwa sababu hiyo, wengi wetu tunaoishi bara tumejifunza kuchunguza samaki kabla ya kumnunua: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, nyama isiwe na harufu. Kisha tunamkaanga hadi akauke, tukiamini kwamba hana tena la kumdhuru mtu. Mtindo huo ni mzuri sana kwa samaki aliyeoza. Lakini kuna sumu za baharini ambazo hazitokani na kuoza. Hazina harufu wala ladha, na haziondolewi na moto, barafu, chumvi wala moshi.

Huenda msomaji wa Thika au Ruiru akauliza: Haya yananihusu nini, nami niko yapata kilomita 500 kutoka Mombasa? Ni kweli kwamba samaki wengi tunaokula hapa si wa baharini. Tilapia, mbuta, omena na kambare hawajulikani kuwa na sumu ninazozieleza, na nisingependa mtu yeyote aache kuwala kwa sababu ya makala haya.

Hata hivyo, bahari imetusogelea. Tangu gari moshi la Madaraka Express lianze safari zake mwaka wa 2017, mtu anaweza kula kiamshakinywa Mombasa na chajio nyumbani kwake Ruiru, akiwa amebeba kasha la samaki waliofunikwa kwa barafu. Familia nyingi hufunga safari ya Diani, Malindi au Unguja wakati wa likizo, na huko hula chochote wanachoandaliwa. Zaidi ya hayo, samaki wa baharini siku hizi huuzwa kwa vipande, bila kichwa wala ngozi, hivi kwamba mnunuzi hajui alikuwa samaki gani.

Tusidhani kwamba hatari hii ni ya Japani tu. Mnamo Novemba 2021 watu saba walikufa kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024 msiba ulirudi huko huko Pemba, katika kisiwa cha Panza. Watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 walilazwa hospitalini. Nyama hiyo haikuwa imeoza. Sumu ya kasa inahusishwa na vitu anavyokula baharini, na watoto ndio huumia zaidi. Hata mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo.

Neva na milango yake

Ili uelewe jinsi sumu hizi zinavyofanya kazi, fikiria neva kama waya wa simu unaopeleka habari kutoka ubongoni hadi kwenye misuli. Ukuta wa neva una milango midogo mno. Mlango ukifunguka, chembechembe za sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, huingia kwa kasi na habari husafiri. Mlango ukifungwa, neva hupumzika. Kufumba jicho, kumeza mate na kuvuta pumzi vyote hutegemea milango hiyo kufunguka na kufungwa kwa wakati wake.

Ukienda kung'olewa jino, dawa ya ganzi unayodungwa huziba milango hiyo katika sehemu ndogo ya kinywa kwa saa chache. Sumu ya samaki aitwaye bunju, yule anayejivimbisha kama mpira akitishwa, hufanya kazi hiyo hiyo katika mwili mzima, pamoja na misuli ya kupumua. Sumu hiyo huitwa tetrodotoksini na hutengenezwa na bakteria. Hujaa hasa katika ini, mayai na ngozi ya bunju. Inakadiriwa kwamba miligramu moja au mbili zinatosha kumwua mtu mzima. Huko Japani, ambako bunju ni kitoweo cha fahari, mpishi hana ruhusa ya kumwandaa bila leseni. Hata hivyo, mwaka wa 1975 mwigizaji mashuhuri wa nchi hiyo, Bando Mitsugoro wa Nane, alikufa mjini Kyoto baada ya kula maini ya bunju.

Sumu ya pili ni ya ugonjwa uitwao siguatera. Hii hutoka kwa vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi kwenye miamba ya matumbawe. Samaki wadogo hula vijimea hivyo, wakubwa hula wadogo, na sumu huzidi kulimbikizana. Kwa hivyo hatari kubwa iko kwa samaki wakubwa wa miambani, kama vile chewa na mkunga. Wenyeji wa visiwa vya Mauritius na Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, wanaujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Sumu yake haizibi milango ya neva bali huilazimisha ibaki wazi, neva zikawa zinapeleka habari za uongo. Mgonjwa akigusa maji baridi huhisi kama amechomwa na moto. Ganzi, mwasho na uchovu vyaweza kuendelea kwa wiki au hata miezi, na pombe huweza kuviamsha upya.

Sumu ya tatu hushambulia ubongo wenyewe. Mwaka wa 1987, nchini Kanada, zaidi ya watu mia moja waliugua baada ya kula kome waliokuwa na asidi ya domoiki. Sumu hiyo husisimua chembe za ubongo kupita kiasi hadi zife. Baadhi ya walionusurika hawakuweza tena kukumbuka mambo mapya.

Dalili zake

Dalili ya kwanza ya sumu ya bunju ni midomo na ulimi kuwasha na kufa ganzi, mara nyingi kabla ya saa moja kupita tangu mlo. Ganzi huenea usoni na mikononi. Mgonjwa huanza kutapika, kupepesuka na kuongea kama mlevi. Kisha viungo hulegea, na hatimaye pumzi hukatika.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wenzangu wa kazi. Katika kliniki za Thika na Ruiru, sumu ya neva tunayoijua ni ile ya dawa za kunyunyizia mimea. Hili ni eneo la kahawa, mananasi na mboga. Akiletwa mgonjwa anayetokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya pini, hatuhitaji kuambiwa mara mbili, na tuna atropini ya kumpa. Lakini akiletwa mtu aliyelegea viungo baada ya karamu, ni rahisi kusema ni pombe au ni kiharusi. Jamaa zake nao huenda wakasema amerogwa. Swali moja laweza kubadilisha mambo: "Amekula nini leo, na waliokula naye wako wapi?"

Sumu ya bunju haina dawa ya kuikata. Hata hivyo, ina jambo moja la kutia moyo: haiui neva. Huziba milango kwa muda tu, halafu mwili huitoa. Mgonjwa akisaidiwa kupumua na kuvuka saa 24 za kwanza, kwa kawaida hupona kabisa. Anachohitaji ni hewa na muda.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa na wauguzi wanapaswa kulijua. Mgonjwa huyo anaweza kulala bila kusogeza kidole, mboni zake zisishtuke hata zikimulikwa kwa tochi, na bado awe anasikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake. Asihesabiwe kuwa maiti kwa haraka. Zungumza naye, umweleze kwamba anasaidiwa.

La kufanya nyumbani

Mtu akihisi ganzi midomoni baada ya kula samaki wa baharini, usingoje uone kama itapungua. Mpeleke hospitali yenye mashine za kupumulia. Kutoka Ruiru hadi Thika Level 5 ni kama kilomita 20, na magari yakisongamana safari hiyo ni ndefu kwa mtu anayepungukiwa na pumzi. Usimpe maziwa, mayai mabichi wala tui, na usimlazimishe kutapika. Koo lililokufa ganzi halimezi vizuri, na kinywaji hicho kinaweza kumwingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu. Pumzi ikikatika, mpulizie hewa kinywani hadi msaada upatikane. Beba mabaki ya samaki, hasa kichwa na ngozi, na uwaite wote waliokula naye wapimwe, hata wale wanaosema hawana neno.

Usichanganye haya na tatizo lingine ambalo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutufikia huku bara. Jodari na samaki wa jamii yake wakikaa kwenye joto njiani, bakteria huzalisha histamini katika nyama yao. Mlaji hushikwa na wekundu usoni, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Hiyo si sumu ya neva, na dawa za mzio kwa kawaida huituliza. Lakini nayo haiishi kwa kupikwa. Kinga yake ni barafu ya kutosha tangu samaki anapovuliwa hadi anapofika jikoni.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, maafisa wa afya ya umma wanaokagua masoko yetu wasitegemee pua na macho pekee. Samaki wa baharini anayeuzwa bara, hata akiwa vipande, awe na jina lake na mahali alipovuliwa, na muuzaji awe tayari kulitaja. Pili, kila zahanati iwe na maelezo mafupi ukutani kuhusu dalili hizi, kama tulivyo na maelezo ya kuumwa na nyoka. Anayezijua ni daktari wa Pwani, ilhali safari ya saa chache inaweza kumleta mgonjwa mlangoni kwetu.

Tatu, na hili ni letu sote, tuwasikilize wavuvi. Mvuvi wa Pwani akimtupa bunju, hafanyi hivyo kwa ubadhirifu. Akikukataza kula ini la samaki mkubwa usiyemjua, anakupa elimu iliyogharimu maisha ya watu. Nyama ya kasa nayo iache kabisa: sheria ya Kenya inamlinda kasa, na vifo vya Pemba vimetuonyesha kwamba hata sahani ndogo inatosha kuwamaliza watoto wa nyumba moja.

Msomaji mpendwa, samaki ni chakula bora na daktari wako angependa ule zaidi. Lakini unapomnunua wa baharini, usiulize bei tu. Uliza jina lake, na asiyekuwa na jina mwache mezani pa muuzaji.