Madoa kwenye kuta za sebule

Naomba vijana wanaochora picha za nyumba kwa kompyuta wasitegemee kichujio cha kusafisha picha peke yake. Mimi nachora nyumba hapa Butembo, na wateja wangu wengine wako Beni. Ikweta inapita kusini kidogo mwa mji wetu. Saa sita mchana jua limesimama juu ya mabati, haliingii dirishani. Sebule inaangazwa na mwanga uliodunda kutoka kwenye ua wa udongo mwekundu. Mwanga wa namna hiyo ndio unaoitesa programu ya kuchora, ndiyo maana kwenye picha madoa hujaa darini na pembeni.

Mwezi uliopita mama mmoja alitazama picha ya nyumba yake, akagusa baka la kijivu juu ya mlango, akauliza: "Hapa maji yatavuja?" Niliumia sana. Nilikuwa nimetumia sampuli 64 tu za mwanga kwenye programu ya Blender, kichujio kikazivuruga chembechembe zilizobaki pichani zikawa mabaka. Nikapandisha hadi 1024, nikaweka lango la mwanga kwenye kila dirisha, nikashusha weupe wa ukuta kutoka 1 hadi 0.8, maana hata chokaa hairudishi mwanga wote. Wanaotumia programu ya V-Ray waache ramani ya mwanga inayokisia kati ya nukta chache. Mwanga uhesabiwe pikseli kwa pikseli.

Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha, nami nikiombea umeme usikatike. Asubuhi ukuta ulikuwa safi. Mama yule sasa ananiuliza rangi ya mapazia.