Foleni ya Bustani na Haki ya Aliyetangulia

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, ipo bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 kwa jina la Walt Disney World, na kila mwaka mamilioni ya watu, wakiwamo jamaa zetu waliohamia Marekani pamoja na watoto wao, huiendea kutoka karibu na mbali. Wengi wao hujiandaa kwa kila jambo isipokuwa moja: huweka akiba kwa muda mrefu, hununua tiketi za ndege, huchagua hoteli na kuwatafutia watoto nguo mpya, lakini saa za siku yenyewe huziachia bahati, na bahati huwapeleka kwenye foleni, ambako baba mwenye mtoto begani husimama dakika 90 katika joto la Julai ili apate furaha ya dakika 3.

Nasema bila ya kusita kwamba sehemu kubwa ya dhiki hiyo yaweza kuepukwa kwa tadbiri inayofanywa mapema, tena tadbiri isiyogharimu hata senti moja. Na nasema vilevile kwamba njia ya pili inayotangazwa siku hizi, yaani kununua kwa fedha ruhusa ya kumpita aliyetangulia, ni biashara isiyo na insafu, na wenye bustani wanapaswa kuiacha.

Foleni ina hesabu yake, na elimu ya hesabu hiyo hutajwa kuwa ilianzia kwa Agner Krarup Erlang wa Denmark, aliyechapisha mwaka 1909 maandiko yake juu ya simu zinazoingia kwa wingi katika kituo cha simu cha Copenhagen. Kwa mtu wa kawaida inatosha kujua hivi: chombo cha burudani kinachobeba watu 1,500 kwa saa, ikiwa watu 1,500 wamekwisha kusimama mbele yake, kitamfikia wa mwisho baada ya saa nzima, na hapana ufundi wa mwendeshaji wala ukali wa msimamizi utakaofupisha muda huo. Milango inapofunguliwa asubuhi watu huwa wachache kuliko nafasi, na ndiyo sababu aliyefika mapema aweza kupanda vyombo viwili vitatu vinavyopendwa mno karibu bila ya kusimama; lakini ifikapo saa 4 au saa 5 wanaowasili huwazidi wanaohudumiwa, na ziada ile ya watu haina pa kwenda, kila saa ikirithi mzigo wa saa iliyoitangulia, mpaka jioni familia zenye watoto wachanga zinapochoka na kurejea malazini. Kwa hiyo nusu saa ya asubuhi ina thamani kuliko saa mbili za adhuhuri, na mzazi anayewaamsha wanawe mapema katika siku ya starehe, ingawa watamnung'unikia kitandani, amewatendea ihsani kubwa.

Yako na mengine. Juma lililo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya lina msongamano usio kifani, ilhali siku za kazi za Septemba, shule za Marekani zikiwa zimekwisha kufunguliwa, aghalabu huwa na nafasi. Chakula cha mchana huliwa kabla ya wengine kukikimbilia. Maonyesho ya ndani, yenye viti na ubaridi, huwekewa saa za jua kali. Na vyombo hupandwa wakati umma umekwenda kutazama gwaride. Wazazi wenye mtoto mdogo waweza kumwomba mhudumu awaruhusu kupokezana, mmoja akipanda na mwenzake akimshika mtoto, kisha wabadilishane pasipo yule wa pili kuanza foleni upya. Kimo cha watoto nacho hakina budi kupimwa nyumbani, maana chombo kiitwacho Space Mountain hakimpokei mtu aliye chini ya sentimita 112, na ni msiba kwa mtoto kusubiri kwa hamu, kisha akakataliwa mlangoni kwa upungufu wa vidole viwili.

Hayo yote ni maarifa ya bure, na zamani bustani yenyewe iliyasaidia. Mwaka 1999 Disney walianzisha utaratibu ulioitwa FastPass: mgeni aliitia tiketi yake katika mashine, akapewa karatasi yenye saa ya kurudi, akaenda kutembea, na saa yake ilipofika akapita njia fupi. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro, kwani ulirefusha kungoja kwa wale wasioujua; hata hivyo tajiri na maskini walipewa karatasi ile ile kwa tiketi ile ile, na aliyewazidi wenzake aliwazidi kwa bidii yake ya kufika mapema na kwa kuulizia.

Oktoba 2021 njia ile fupi iliwekewa bei. Huko Florida ilianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, zaidi ya tiketi ya kuingilia, na vyombo vinavyotamaniwa kuliko vyote vikatozwa peke yake. Mwaka uliofuata bei ikaanza kupanda kwa kadiri ya wingi wa watu. Mwaka 2024 ikaletwa hati ya daraja la juu, ambayo katika sehemu ya Walt Disney World iitwayo Magic Kingdom, siku za sikukuu, hugharimu zaidi ya dola 400 kwa mtu mmoja. Mwaka huo huo wanaolala katika hoteli za kampuni waliruhusiwa kuchagua saa zao siku 7 kabla ya kufika, na wengine siku 3 tu, hata kupanga mapema kwenyewe kukawa bidhaa.

Fedha hizo haziongezi kiti hata kimoja. Dakika 40 anazookoa mwenye hati huchukuliwa, dakika moja moja, kutoka kwa watu walio nyuma ya kamba, ambao nao wamelipa, na pengine wamejinyima zaidi ili walipe. Watetezi husema kwamba ndege nazo zina daraja la kwanza. Lakini kiti kipana cha tajiri hakimcheleweshi abiria wa nyuma, kwa kuwa wote hutua pamoja. Katika foleni, wepesi wa mmoja ni uzito wa mwingine, na watoto huyaona hayo kwa macho yao na kuwauliza wazazi wao sababu. Jinsi tamaa ya kumpita aliyetangulia inavyoweza kumshusha binadamu ilidhihirika mwaka 2013, magazeti yalipoandika kwamba familia zenye mali zilikuwa zikiwakodi watu wenye ulemavu kuandamana nazo, ili zipitie njia iliyowekwa kwa ajili ya wenye dhiki ya kweli. Na Disney wakaubadilisha utaratibu huo mwaka ule ule.

Dawa wanayo wenyewe. Disemba 2019, walipofungua huko Florida chombo cha Rise of the Resistance, waligawa zamu kwa simu ya mkononi, bure, na watu wakangoja pasipo kusimama. Zamu za namna hiyo zigawiwe kwa kila chombo kikubwa, kwa kila mwenye tiketi, bila ya bei, na njia ya pekee ibaki kwa wagonjwa na walemavu tu. Nawaomba wasomaji watakaokwenda huko wawaandikie wenye bustani kudai jambo hili, wala wasidhani kwamba wanaomba muhali: miadi ya bure ilidumu miaka 20 na zaidi, tangu 1999 hata bustani zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi, na kampuni haikufilisika.